Chola ya Marehemu Laurean

Watu wetu wana moyo, hilo silipingi. Ila moyo huohuo ndio uliommaliza shoga yangu Elieth.

Mumewe Laurean, fundi wa kompyuta, alipelekwa kikazi Arizona, akarudi na kipande cha dungusi kimeng'ang'ania soksi. Elieth alitaka kukitupa. Laurean akakipanda kwenye chungu cha kokoto, kikachipua, kikawa kichaka cha miiba kinachofika kiunoni, dirishani kwao huku ughaibuni, Falls Church. Kule jangwani wanaiita chola. Inaota kwenye changarawe, mvua ni ya kubahatisha, na kipande kikidondoka kinajiotesha chenyewe. Kanuni ya Laurean ilikuwa moja: majira ya baridi, hata tone usiipe.

Januari hii figo zikamshinda, akafariki. Hawakujaliwa mtoto. Elieth aliniambia kilichobaki cha mkono wa Laurean ni ile chola, na hatakubali ife.

Msiba ukajaa watu. Kwa desturi yetu mfiwa hagusi kazi, basi wakamkalisha kwenye godoro chumbani, wakapika, wakaosha vyombo, wakadeki. Na kila aliyepita sebuleni aliona kichaka kikavu kisicho na jani, akamhurumia mjane.

Walimweleza siku walipomuaga warudi makwao. “Hata fleur yako ya dirisha ilikuwa na kiu, dada,” alisema mama mmoja Mkongo. “Niliipatia maji mingi.”

“Hata mimi nilikuwa naiwater kila morning,” akadakia Jepkosgei, jirani yetu Mkenya. “Usistress, tuko pamoja.”

Elieth akasema asanteni. Angesema nini? Watu walikuwa wameacha kazi zao kwa ajili yake.

Walipotoka, akachukua kisu. Shina lilikuwa limelainika kama ndizi iliyooza. Tulikata kuanzia chini kwenda juu, tukitafuta hata kipande kimoja kizima cha kupanda upya. Kila kipande kilitoa maji meusi. Nilipandwa na hasira, nikashika simu niwapigie wote niwape vidonge vyao. Elieth akaninyang'anya.

“Laurean aliumwa miaka, nikajua anaondoka,” alisema huku analia. “Hii ilikuwa haiumwi.”

Mlango ukagongwa. Alikuwa Jepkosgei, amerudi na chapati za moto. Elieth akajifuta machozi, akaenda kumshukuru tena.