Siku Niliyowafunza Watoto Kumwacha Muuzaji Aite

Jamani, chekeni tu, lakini mwenzenu mpaka leo nikipita barabara ya Guangyuan Xilu najifunika mtandio hadi machoni, maana aibu niliyoipata kwenye lile jengo la nguo za jumla hata adui simtakii (labda Bi Zubeda, na yeye kidogo tu).

Bi Zubeda ni mwenzetu wa hapa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika huku kwa Wachina, msafirishaji wa mizigo, na kila Jumapili huwakusanya watoto wetu wanaomaliza sekondari akawafundisha kuchagua chuo, kujieleza kwenye usaili, mambo ya kazi. Wema mtupu. Basi wema ule ulinikaa kooni! Mwanangu Rehema, niliyemzaa mwenyewe kwa uchungu, akawa hafungui mdomo bila "Bi Zubeda kasema." Nikimuuliza anataka kusomea nini, "Ngoja nimuulize Bi Zubeda, mama." Roho iliniuma, sifichi. Niliona naporwa mtoto hivi hivi.

Ndipo nikajitia kimbelembele: "Shoga, Jumapili hii niachie mimi, niwafunze biashara kwa vitendo." Akakubali, tena akaja kutazama (nani alimwita?).

Sasa sisi wafanyabiashara tuna mtindo wetu, mkishindwana bei unaondoka, muuzaji akikuita ujue analegea. Basi tukaingia duka moja la lile jengo, mimi na watoto, nikachukua koti la sampuli, nikalivaa juu ya baibui niwaonyeshe mshono, nikataja bei yangu, muuzaji akatikisa kichwa, nami nikageuka kwa madaha. "Twendeni. Msitazame nyuma, ataita mwenyewe."

Kweli akaita! "Pengyou! Pengyou!" (rafiki, ndivyo wanavyotuita wateja.) Nikamkonyeza Rehema, "Umesikia? Bi Zubeda alikufunza hili?"

"Lakini mama..."

"Nyamaza, acha ashushe!"

Nikaongeza mwendo, naye akaongeza sauti, nikakata kona, nikawapita wabeba marobota, yeye nyuma sasa anakimbia, watu wanachungulia kutoka madukani, nami naringa tu, mpaka mlinzi akanidaka mlangoni na muuzaji akafika anahema, akalishika bega la koti lake.

Koti, jamani! Nilikuwa bado nimelivaa.

Kichina chote kikanitoka, watu wametoa simu wanampiga picha mwizi. Bi Zubeda akaanza kuja kuniokoa, nikaona bora mlinzi anichukue tu. Lakini Rehema alimtangulia, akasimama mbele yangu, akaeleza taratibu kwa Kichina chake cha shule, akaomba radhi, na katika yote nilishika neno moja, "wo mama," mama yangu, huku ananionyesha mbele ya umati ule, na siku hiyo angeweza kabisa kunikana.

Mkamia maji hayanywi. Rehema sasa anasomea ukalimani (kamshauri nani, mnajua wenyewe), na mimi koti la mtu silivai tena hata kwa baridi. Wivu bado upo, siwadanganyi. Ila Bi Zubeda aliponiuliza kama nitarudi kufundisha, nilimwambia afundishe yeye. Mama ni nani keshajulikana, hata mlinzi wa Guangyuan anajua.