Piano Ndani ya Maboksi ya Hotuba

Ukitaka kumkasirisha Mkasi, mwambie kanda ni kanda tu. Atavua miwani, aifute kwa upindo wa gauni, kisha akuangalie mpaka uujutie mdomo wako.

Jina hilo la Mkasi alipewa na wenzake kazini, katika kituo cha redio. Kazi yake ilikuwa kukata na kuunga kanda za sauti. Alikata mshazari kwa wembe, akaunganisha ncha kwa utepe mwembamba, na kikohozi cha mtangazaji kikatoweka kana kwamba hakuna aliyekohoa. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na ule mkono usiotetemeka ulitoka huko.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Mkasi hakuwahi kumkata hata chembe. Wote walimwita Bibi wa Piano. Watu walitoka mbali kuja kumsikiliza, lakini studio hakutaka hata kuisikia.

"Ukuta haupigi makofi," alikuwa akisema. "Mimi napiga mbele ya watu, na nikikosea wanione."

Basi kila alipopiga katika ukumbi wa kituo, Mkasi alitega maikrofoni na kurekodi palepale, pamoja na viti kulia na bibi mwenyewe kunung'unika kidole kikimponyoka. Siku moja mvua ilishuka juu ya bati katikati ya kipande laini kabisa. Mwingine angeinuka akaenda zake. Bibi wa Piano alishika sauti tatu za chini, akawa anazirudiarudia polepole, anaisubiri mvua. Ilipopungua akaendelea alipoachia. Ukumbi mzima ulilia, na Mkasi, aliyekuwa amevaa vipokea sauti kichwani, alilia kuliko wote. Hakuwahi kuona aibu kulisema hilo.

Bibi akafariki. Hakuacha rekodi nyingine popote duniani, ila zile za ukumbini.

Sasa mjue desturi ya kituo kile. Kanda zilikuwa haba, kwa hiyo kipindi kikishapita hewani, kanda yake ilifutwa na kutumika upya. Mbali na kanda za Bibi wa Piano, ambazo Mkasi alizitunza stoo, hazikuguswa ila hotuba za mkurugenzi. Mkurugenzi, ambaye nyuma ya mgongo wake aliitwa Mzee Maikrofoni, alihutubia wasikilizaji kila Jumatatu kuhusu nidhamu, na hotuba zikawekwa rafu ya juu, kwenye maboksi yenye wino mwekundu: ZISIFUTWE. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe hili lilitengewa rafu yake. Siku ikafika rafu ikajaa, na agizo likashuka: futa piano, hotuba zinahitaji nafasi.

Mkasi alisoma agizo akiwa amesimama. Hakubisha, wala hakwenda kumlilia mtu. Alijifungia na mashine ya kufutia, akazifuta hotuba, moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki kimya. Akazitia kwenye maboksi ya piano, tayari kutumika upya. Kanda za Bibi wa Piano akazihamishia kwenye maboksi ya wino mwekundu. Na kila hotuba mpya iliyokuja, akaifuta vilevile, huku boksi lake likipanda rafuni na kanda tupu tumboni.

"Dada, umerogwa?" mdogo wake aliuliza aliposimuliwa, maana waliishi nyumba moja. "Za mwizi arobaini!"

"Mwizi gani? Kuna kitu kimetoka nje ya geti?"

"Siku akizitaka je?"

"Nani aombe kusikia hotuba ile mara ya pili? Hata mkewe hathubutu."

Walicheka mpaka chai ikapoa. Na kweli, miaka ikapita, hakuna aliyeomba.

Aliyekuja kuomba ni mwenyewe. Mzee Maikrofoni alikuwa anastaafu. Aliandaa sherehe ya kujiaga palepale ukumbini, irushwe moja kwa moja hewani, na katikati yake ipigwe hotuba yake ya kwanza kabisa ili vijana wajifunze. Asubuhi hiyo mdogo wake Mkasi alimshika mkono mlangoni.

"Sema imeoza. Kanda si huoza? Sema panya."

"Nikisema imeoza, wataitupa jalalani," Mkasi akajibu. "Na iliyomo ndani si hotuba."

"Basi utafukuzwa."

"Nifukuzwe nikiwa nimesimama wima."

Maji ameshayavulia nguo, hana budi kuyaoga. Mkurugenzi aliponyoosha mkono kumpa ishara, Mkasi, akiwa mezani kwake pembeni ya jukwaa, alilifungua boksi la wino mwekundu, akapitisha kanda kwenye mashine, akabonyeza. Kwanza ukasikika mvumo wa watu wakikaa. Kisha mvua juu ya bati. Kisha sauti tatu za chini, zikirudiarudia polepole, zikisubiri.

Wafanyakazi wa zamani waliishusha mikono iliyokuwa tayari kupiga makofi. Mhasibu mmoja, mtu mkavu asiyejua utani, akaziba mdomo kwa leso. Mzee Maikrofoni alitabasamu kidogo akidhani ni muziki wa kufungulia, akangoja, akangoja tena, halafu akashuka jukwaani na kumwinamia Mkasi.

"Hotuba yangu iko wapi?"

"Niliifuta."

"Na nyingine?"

"Nilizifuta zote."

Uso ulimbadilika. Tumhurumie kidogo: ni maneno ya maisha yake yote, na hakuna anayependa kuambiwa hayapo tena. Lakini huruma hiyo Mkasi hakuwa nayo, na sitamsingizia.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Uliniagiza nifute kisichosikilizwa."

Hayakuwa maneno ya agizo, na wote wawili walijua.

"Zima," mkurugenzi akasema kwa sauti ya chini, meno yamekutana. "Zima sasa hivi, uniletee funguo za stoo. Hizo takataka zote zitafutwa leo hii, mbele ya macho yangu."

Funguo zilikuwa shingoni mwa Mkasi, kwenye uzi. Alizishika. Akazitumbukiza ndani ya gauni, kifuani. Akavuta kiti, akakaa kati ya mkurugenzi na mashine.

"Mzee," akasema, wala hakupunguza sauti, maikrofoni zikiwa wazi na nchi nzima ikisikia, "leo ni siku yako ya mwisho. Si yake."

Akaongeza sauti ya piano.