Alama za Albertine Mlangoni

Octave alikuwa seremala wa karakana ya kiwanda pale Likasi, mji ambao Wazungu waliuita Jadotville, na wenzake walipenda kusema kwamba penseli yake haijui kudanganya. Laiti wangeuona mwimo wa mlango wake.

Kila Pasaka alimsimamisha bintiye Albertine kwenye mwimo huo, akachora alama. Mtoto alikuwa na kichwa kikubwa, mikono na miguu mifupi, na mdomo usiopoa. Tangu alipotimiza miaka minne, Octave aliinua penseli juu ya utosi wake, kila mwaka akizidisha kidogo, ili mkewe Gertrude asiumie. Gertrude akiziona alama alitabasamu, naye Octave moyo ukamtulia.

Mwezi wa tisa, mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge na Kongo, mwalimu Adrien alimkataa Albertine kwa mara ya tatu. Kipimo cha shule kilikuwa kilekile: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilishika, umri umetosha. Albertine alijinyoosha mpaka machozi yakamtoka, vidole vikaishia kwenye nywele. Alikuwa na miaka minane kamili, lakini cheti cha ubatizo cha kuthibitisha hilo kilikuwa misheni ya Mulungwishi, na askari walikuwa wameifunga barabara.

Wakaenda kwa muuguzi Clémentine, aliyepima watoto zahanati. Alimpima Albertine mikono, miguu na mgongo, kisha akamwuliza maswali mpaka mtoto akaanza kumwuliza yeye.

“Papa Octave, hapa hakuna bulozi, na hamukumunyima chakula,” akasema. “Alizaliwa hivi. Mifupa ya mikono na miguu inakua polepole, mugongo inakua kama ya wengine. Akili iko muzima. Ile kipimo ya sikio inapima mukono, haipimi miaka. Nitaandikia mwalimu barua. Lakini muniletee vipimo vya kila mwaka, aone namna anakua.”

Gertrude akafurahi. “Vyote viko ku mulango. Octave njo aliandika.”

Octave akapiga hesabu. Akinyamaza, alama zile zitaonyesha mtoto anayekua kama wengine, na barua haitakuwa na maana. Akisema, atamvunja mkewe moyo. Albertine alikuwa bado anajaribu kulishika sikio lake.

“Ile alama ni bongo, haisemi kweli,” akasema. “Minye niliongeza. Kila mwaka.”

Gertrude hakushtuka. “Ninajua, Papa Albertine. Minye njo nashonaka nguo yake ya Pasaka. Nilinyamaza juu ulikuwa unafurahi.”

Kesho yake alileta kopo la maziwa. Ndani mlikuwa na nyuzi, moja kwa kila Pasaka, zenye mafundo ya bega, mkono na urefu wote. Clémentine alizinyoosha mezani moja baada ya nyingine, akaandika. Octave aliona haya, na akampenda mkewe upya.

Mwalimu Adrien alisoma barua mara mbili, akampokea mtoto. Octave akatengeneza benchi lenye pa kuwekea miguu.

Pasaka iliyofuata aliilaza penseli sawasawa juu ya utosi. Albertine akageuka, akaona alama mpya iko chini ya ile ya mwaka jana.

“Papa, minye napunguka?”

“Hapana, mama. Weye unakua. Papa njo alikuwa na haraka.”

Gertrude akaja na uzi wake mpya, akaunyoosha kwenye mwimo kuanzia sakafuni. Fundo lilikaa palepale penye alama.