Vénérande na Mkutano wa Watu Walionyamaza

Ukitaka kumharibia Vénérande siku, muulize kama mkutanoni kutakuwa na soda. Swali hilo amekutana nalo katika kila kitongoji cha kijiji chao, huko kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi nje ya mji wa Mpanda, na kila anapolisikia kichwa humgonga upande mmoja. Kosa si la wanakijiji peke yao. Shirika dogo la mjini linalomtumia kuhamasisha wananchi lilipoanza kazi, lilifanya semina mbili tatu pale shuleni, likagawa soda na maandazi. Mafunzo yalisahaulika kabla ya jua kuzama. Soda haikusahaulika.

"Mkutano wa kijiji ni wenu," huwaambia. "Nani anapewa soda ili aingie nyumbani kwake mwenyewe?"

Wanacheka, wanamwambia Mama Arcade una maneno wewe. Halafu hawaji.

Ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti isiyojua kunong'ona. Alizaliwa hapo hapo makazini, wazazi wake wakiwa wamekimbia Burundi na kile walichoweza kubeba. Alikua enzi ambazo kwenda mjini Mpanda tu ulihitaji kibali cha mkuu wa makazi, na asiye na kibali alirudishwa njiani kama mbuzi aliyepotea. Siku yeye na mumewe walipopewa vyeti vya uraia, alikifunga chake kwenye nailoni, akakiweka chini kabisa ya sanduku la nguo, kisha akakaa kitandani akalia kwa kwikwi. Mumewe alidhani kuna msiba.

"Nalia kwa furaha," alimwambia. "Sasa hata nikilalamika, nalalamika kwangu."

Mumewe alifariki miaka michache baadaye. Alimwachia baiskeli, shamba la mihogo, mtoto mmoja, Arcade, ambaye sasa ameoa huko Kasansa, na shemeji mmoja, Celestin, mtu mpole anayependa kila jambo lipite kimya. Hiyo baiskeli ndiyo Vénérande anayozungukia vitongojini, kitenge kimefungwa kiunoni barabara, akiwaeleza watu kwamba sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na kwamba pale mwenyekiti ni wa kuulizwa, si wa kuogopwa.

Mwenyekiti wao, Yotham, ni Mbende, mwenyeji wa eneo lile, mwenye mashamba makubwa ya mahindi na tabia ya kuchokonoa meno anapofikiri. Vénérande alipomfuata kumuuliza kwa nini mikutano haifanyiki, alitarajia ubishi. Yotham aliuweka pembeni ule mti wa meno akamtazama kwa uchovu.

"Nimeitisha mara ngapi, mama? Akidi haifiki. Nakaa pale shuleni na mtendaji tunatazamana mpaka jua linazama. Watu wako hao, Mama Arcade. Walete."

"Nitawaleta."

"Walete basi, tuwaone."

Ilitokea kwamba msimu ule kulikuwa na jambo. Chini ya kijiji kuna bonde lenye kijito, ambalo udongo wake hushika maji hata kiangazi kikali. Kina mama wamelima humo nyanya, kabichi na matembele tangu enzi za makazi, na upande wa chini ng'ombe wa Ngusa, Msukuma aliyehamia na mifugo yake miaka mingi iliyopita, huteremka kunywa maji. Sasa habari ikavuma kuwa kuna mfanyabiashara wa mjini anataka kulikodi bonde lote alime mpunga kwa trekta. Kisimani ni hilo. Baada ya ibada ni hilo. Kila mtu alikuwa amekasirika, na Vénérande, Mungu amsamehe, alifurahi. Aliona safari hii watakuja wenyewe.

Alizunguka wiki nzima. Aliwafundisha watu kusimama na kuuliza kama anavyofundisha mtu watoto kuimba. Aliyemtegemea kuliko wote ni Emelyne, mke wa Jean Bosco, muuza nyanya, maana Emelyne akiwa gengeni hakuna mteja anayemshinda mdomo.

"Simama kwanza," alimwambia uani kwake. "Sasa sema: Mwenyekiti, naomba kuuliza."

Emelyne akasimama, akaziba mdomo kwa kanga, akacheka. "Mwenyekiti naomba kuuliza."

"Toa kanga mdomoni. Uliza nini?"

"Tukikodisha bonde, sisi tutalima wapi?"

"Ndiyo hiyo! Umeona? Hakuna kingine."

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa shule mpaka wengine wakakaa juu ya matofali ya darasa ambalo halijaisha kujengwa. Vénérande alipita katikati yao kifua mbele. Mtendaji wa kijiji, kijana mgeni aliyehamishiwa pale si muda mrefu, alikaa mezani na kalamu yake akiandika muhtasari. Yotham akaeleza habari ya yule mpangaji wa mjini, akaeleza faida, barabara itachongwa, vijana watapata vibarua. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Kimya.

Vénérande akamtazama Emelyne. Emelyne alikuwa anang'oa majani chini, moja moja, kama amelipwa kuyamaliza. Akamtazama Celestin. Shemeji alikuwa anakagua mawingu ambayo hayakuwepo. Ngusa alikuwa ameegemea fimbo yake amefumba macho. Yotham akauliza tena. Mtu akakohoa, na watu wakageuka kumtazama, naye akainamisha kichwa upesi kuonyesha kwamba alikuwa anakohoa tu.

Basi akasimama yeye mwenyewe. Aliuliza kina mama watalima wapi, ng'ombe watakunywa wapi, na mkataba ni wa msimu mmoja au wa maisha. Hajafika mwisho, sauti ya mwanaume ikatoka kule nyuma:

"Huyo uraia wenyewe kaupata juzi, leo anataka kutufundisha bonde letu!"

Watu wakacheka. Waliocheka nyuma hakuwajali. Kilichomkata maini ni kwamba hata waliokaa karibu naye walicheka, watu waliopokea vyeti vyao siku moja na yeye, uwanja mmoja na yeye. Yotham akamkemea yule mtu, lakini naye alikuwa anabana tabasamu. Kisha akaomba wanaokubali wanyooshe mikono.

Mikono ikapanda. Wa Celestin ukapanda. Wa Ngusa na wa Emelyne pia. Ukimwondoa Vénérande, aliyebaki amekunja mikono yake ni bibi mmoja ambaye masikio yake yamechoka, na jirani yake alipomgutua, naye akanyoosha. Makofi yakapigwa. Mkutano ukafungwa.

Jioni ile ile alimkuta Celestin uani kwake anapukuchua mahindi. Hakumsalimia.

"Shemeji, mkono wako ulikuwa unafanya nini kule juu?"

Celestin aliendelea kupukuchua. "Ulimwona yule kijana anaandika?"

"Anaandika muhtasari! Kila mkutano unaandikwa!"

"Hujui anaandika nini. Mimi sijui, na wewe hujui. Enzi za makazi niliona watu walioandikwa majina, Shemeji. Walioleta maneno mengi. Mtu aliyekupa karatasi anaweza kuja kuiomba."

"Uraia siyo godoro la kuazima, Celestin!"

"Kwako wewe siyo," alisema kwa upole ule ule. "Mimi bado nalilalia upande mmoja."

Ungekuwa uvivu, Vénérande angejua pa kuanzia. Ungekuwa ujinga, ndiyo kazi aliyotumwa. Lakini hofu ya mzee aliyelishwa hofu kwa miaka mingi, hiyo unaizungukia kwa baiskeli mara ngapi? Aliondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata alipanda gari kwenda Mpanda, kwenye ofisi ya lile shirika, chumba kimoja nyuma ya maduka ya Makanyagio. Msimamizi wake, dada mmoja kijana aitwaye Romana, alimpokea kwa furaha. Picha alikuwa ameshatumiwa kwenye simu.

"Mama, hongera! Uwanja umejaa! Ushiriki umepanda sana kule kwenu."

"Walikuja kunyamaza, Romana."

"Lakini walikuja."

"Walikuja, wakanyamaza, wakakubali jambo ambalo hakuna anayelitaka. Andika hivyo."

Romana akatazama kompyuta yake, akashusha na kupandisha kitu kwa kidole. Alikuwa binti mwema, na aliona haya. "Hilo, mama," akasema taratibu, "kwenye ripoti halina mahali pa kuliweka."

Vénérande akarudi kijijini na hasira mpya juu ya ile ya zamani.

Trekta lilifika kabla ya mvua. Liliteremka bondeni asubuhi, na mpaka watu wanapika chakula cha mchana, nusu ya bonde ilikuwa imegeuzwa, matuta ya kabichi na mashina ya nyanya vimelala chini ya udongo mweusi. Kina mama walipandisha kutoka huko wakilia, na walipotafuta pa kwenda wakaenda kwa Vénérande, wakajaa uani, Emelyne akiwa mbele na miguu yenye matope.

"Mama Arcade, wametumaliza! Kwa nini hukuwaambia?"

"Niliwaambia!" Sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Nilisimama peke yangu nikachekwa! Wewe mkono wako ulikuwa wapi? Nyie mikono yenu ilikuwa wapi? Nendeni kwa huyo mliyempigia makofi!"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Aliwasikia wakiondoka mmoja mmoja. Alijua amefanya vibaya, na alijua pia kwamba hata wakirudi saa hiyo hiyo atawafungia tena.

Tangu siku hiyo baiskeli iliegemezwa ukutani. Romana akipiga simu, Vénérande anamwambia ana maharage ya kupalilia. Mtu akimuuliza jambo la kijiji, anamwambia amuulize mwenyekiti. Kanisani alianza kukaa benchi la mwisho. Celestin alimletea kikapu cha viazi akakiacha mlangoni, naye akavipika.

Mkutano uliofuata ulipotangazwa, alienda kwa sababu ni sheria na kwa sababu hakujua kukaa nyumbani watu wakiwa mkutanoni. Alikaa nyuma kabisa, amejiapiza kutofungua kinywa. Watu walikuwa wachache kuliko mara ile, lakini walitosha. Yotham alisoma ya kusoma, akafika mahali pa maswali, akawa tayari anakunja karatasi.

Emelyne akasimama. Kanga ilikuwa mabegani.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza."

Yotham akasita. "Uliza, mama."

"Lile bonde limekodishwa mpaka lini? Na sisi tutalima wapi?"

"Lakini mama, hili tulikubaliana wote. Muhtasari upo."

"Ndiyo. Na mimi nilinyoosha mkono." Akaivuta kanga mabegani, hakuifikisha mdomoni. "Niliunyoosha kwa woga. Nilimwogopa huyu kijana na kalamu yake. Sasa nyanya zangu zimeshalimiwa chini, sina cha kuogopea tena. Aandike. Emelyne, mke wa Jean Bosco, amekataa."

Kijana wa watu, mtendaji, aliinua kalamu juu kama mtu aliyekutwa na panga. "Mimi naandika muhtasari tu, mama," akasema.

"Basi andika kwenye huo huo."

Ngusa akasimama kwa kuegemea fimbo yake, akasema ng'ombe wake wanakunywa tope tangu trekta liharibu mteremko, na aandikwe naye. Mama mmoja akasema na mimi. Kelele zikaanza. Vénérande akajikuta amesimama bila kujua, na hapo ndipo Emelyne alipomwona.

"Na Mama Arcade tuna swali naye," akasema, akamgeukia mbele ya watu wote. "Alitufundisha kuuliza. Tulipokosea mara moja tu akatufungia mlango. Ni mwalimu gani huyo, mwanafunzi akikosea anafunga shule?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, Celestin akiwemo. Vénérande uso ukamwaka. Akakaa chini.

Waliamua kuunda kamati ya kwenda kuongea na yule mpangaji, ili baada ya mavuno upande wa kijito urudishwe kwa kina mama na njia ya ng'ombe iachwe wazi. Yotham hakuahidi kitu. Alisema tu mkataba ni mkataba, lakini mazungumzo hayakatazwi. Kwenye kamati wakamchagua Emelyne, wakamchagua Ngusa na wengine watatu. Jina la Vénérande halikutajwa na mtu yeyote. Alingoja litajwe mpaka uchaguzi ukaisha.

Kilichofuata kilikuwa ajenda ya kuchimba vyoo vya shule, kila kaya itoe mtu mmoja wa kufanya kazi. Yotham hajamaliza hata kuisoma, watu wakaanza kuinuka na kupangusa nguo, maana kwenye kibanda cha video mpira ulikuwa unakaribia kuanza.

"Kaeni chini nyie!" Vénérande aliruka juu, kiapo chake kimekwisha. "Mkutano haujafungwa! Watoto wenu hao wanaojisaidia vichakani! Kaeni!"

Wachache walikaa, Emelyne mmoja wao. Wengine walimpungia mkono kwa heshima zote, wakaendelea kwenda, Jean Bosco akiwa wa kwanza mlangoni pa kibanda. Vénérande akamgeukia mtendaji, akamwambia amwandike yeye kwa kaya yake, atachimba mwenyewe, na kuanzia kesho atapita nyumba kwa nyumba kuchukua majina ya waliobaki.

"Watakubali?" kijana akamuuliza.

"Watakubali," Vénérande akasema kwa hasira. "Halafu hawatakuja."

Na jina lake akaliandikisha hivyo hivyo.