Niliukalia Mnyororo

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Mpaka leo trekta likiwashwa uani husogea nyuma ya migomba, na mume wangu hunicheka kwamba naogopa chuma kinachotulisha. Acheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kilio cha trekta nilishakisikia.

Nilikuwa binti mdogo huko kwetu Momba, kwenye shamba moja si mbali na Tunduma. Dereva alitaka kuvuta gogo, akafunga mnyororo juu kabisa, nyuma ya kiti chake. Magurudumu ya mbele yakainuka, trekta likasimama wima kama beberu, likapinduka na kumlalia. Hakuwahi hata kuita mtu. Ufundi sikuujua, ila niliona mnyororo ulipofungwa, na sijawahi kusahau.

Halafu nikaolewa Igamba, kwenye kahawa, katika ukoo wa Wandali waliohamia huko zamani. Ndipo nikakutana na mwiko wa mkwe. Mke hasemi na baba wa mumewe, hamtazami usoni, na wakikutana njiani anapisha na kugeukia migomba. Wengine wameuacha, wanasema tumeokoka, hayo ni ya giza. Baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa na hajauacha. Akitaka chumvi humwambia mama mkwe, naye mama mkwe huniambia mimi, na wakati huo nimesimama hapo hapo nimeshasikia. Miaka yote hiyo sauti yangu aliisikia kwenye kwaya tu.

Mzee alikuwa mtu wa maksai. Nira, mnyororo, plau, basi. Mume wangu alipoleta trekta kuukuu kutoka ng'ambo, mzee alilizunguka asubuhi nzima, mikono nyuma. Matrekta aliyoyaona ujanani yalikokota plau kama tela, na mtu alikaa juu yake akivuta kamba ya kuinua majembe. Hili letu lilikuwa na mikono mitatu nyuma, miwili chini na mmoja juu. Plau linashikwa na yote mitatu, kisha linanyanyuliwa juu kwa nguvu ya mafuta, bila mtu kuligusa. Mume wangu alimweleza kwamba mikono ya chini ndiyo inayovuta, na ule wa juu kazi yake ni kulizuia plau lisibinuke.

"Ng'ombe huvuta kwa shingo," mzee alijibu. "Na shingo iko juu."

Nilikuwa nachambua maharage. Nilicheka kimoyomoyo, nikadhani yameishia hapo.

Yakaja kumalizikia kwenye kisiki. Tulikuwa tunang'oa mibuni iliyozeeka, na katikati ya shamba kulikuwa na kisiki cha mti wa kivuli, kinene, mizizi kila upande. Waliondoa plau na ule mkono wa juu. Mzee akachukua mnyororo wake wa maksai, akauzungusha kwenye kisiki, na ncha ya pili akaipachika kwa pini pale pale ulipotoka mkono wa juu. Pale ndipo alipoona shingo. Mume wangu analijua trekta, lakini yule ni baba yake, na kwao mtoto hamkosoi baba mbele ya wanawake. Akapanda, akawasha.

Mimi na mama mkwe tulikuwa tunapalilia jirani. Niliuona mnyororo ulipo, jembe likanitoka mkononi.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "mwambie baba huo mnyororo ushuke chini. Trekta litamlalia mtoto wako."

Mama mkwe alikwenda, akasema, akarudi. "Amesema ng'ombe huvuta kwa shingo."

Mume wangu akaachia klachi. Mnyororo ukakaza, na magurudumu ya mbele yakaacha ardhi. Yalipanda mpaka usawa wa goti, yakabaki yanazunguka hewani, kisha akakanyaga klachi na trekta likarudi chini kwa kishindo. Mzee hakushtuka. Kwake mnyama anayeinua kichwa ni mnyama anayetaka kazi.

"Tia moto zaidi, mwanangu," akasema.

Nikaomba Mungu nizimie, nisione. Sikuzimia. Nilijua nikifungua mdomo mbele ya mkwe naweza kurudishwa kwetu, na watoto wakabaki. Nilijua pia nisipofungua nitazika mume. Niliogopa yote mawili, jamani, na sijui miguu ilitoka wapi.

Nilikwenda nikaukalia mnyororo. Nilikaa juu yake kama kwenye kigoda, katikati ya trekta na kisiki, kitenge kimejaa udongo, uso nimeuelekeza kwa baba mkwe. Nikamtazama machoni. Yalikuwa macho ya kahawia, kama ya mume wangu. Sikuwa nayajua.

"Baba," nikasema, "sitoki hapa mpaka mnyororo ushuke."

Mume wangu aliponiona akazima injini. Mzee akashusha kofia usoni, akageuka, akaondoka kuelekea nyumbani. Mume wangu akauhamishia mnyororo kwenye chuma cha kuvutia kilichoko chini, tukachimba na kukata mizizi, kisiki kikatoka jioni. Magurudumu ya mbele hayakuinuka tena.

Kesho yake nilipeleka kuku kwa mama mkwe, kama anavyofanya aliyevunja mwiko. Alimpokea, akamchinja, na mzee hakumla. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyebisha hodi nilidhani ni mshenga wa kuja kunirudisha. Chakula kilinishinda, nguo za watoto nilizikunja mara mbilimbili. Mume wangu aliniambia nitulie. Mtu anatuliaje?

Mvua za kwanza zikaja. Gari la mbolea likakwama njiapanda, wakaja kutuomba trekta. Mume wangu akalirudisha nyuma hadi uani. Mzee akatoka na mnyororo wake begani, mimi nikageukia migomba haraka.

"Huu unafungwa wapi?" nikasikia mzee anauliza.

Mume wangu akaanza kujibu. Mzee akamwinulia mkono anyamaze. Mama mkwe hakuwepo, alikuwa Mlowo sokoni. Niligeuka kidogo, nikaona mzee ameliangalia trekta na si mwanawe, amesimama anangoja. Nikaelewa anayeulizwa ni nani.

"Chini, baba," nikasema.

Akainama, akafunga chini. Akaivuta pini kuhakikisha imekaa, kisha akasema, bado macho yake yako kwenye chuma, "Kaa karibu, uone."

Nikawafuata njiapanda, nikakaa karibu mpaka gari likatoka na injini ikazimwa.