Kujifunza Kutembea Upya Riruta

Macho yangu hayakuharibika siku moja. Yalikwenda polepole, kwanza pembeni kisha katikati, presha ya macho ikiyamaliza huku mimi nikibadilisha miwani na kulaumu taa za umeme. Daktari aliponiambia kwamba kilichokwenda hakirudi, nilikuwa nimeshaacha kushona nguo za watu, na kibanda changu cha cherehani hapa Riruta nilikuwa nimekifunga. Sikulia sana. Nilikasirika, na hasira ilinifaa kuliko machozi.

Jamaa zangu walikutana Mutuini nyumbani kwa dada yangu mkubwa, wakakata shauri juu yangu nikiwa nimeketi papo hapo na kikombe mkononi. Desemba, watu wa kwetu wakirudi nyumbani magharibi ya Kenya kwa Krismasi kama kawaida, na mimi nirudishwe, nikae huko moja kwa moja. Wazazi wetu walishafariki na nyumba yao imefungwa, kwa hivyo dada angefunga duka lake dogo la maziwa na mkate, aende kunitunza.

"Hapa Nairobi ataishi aje peke yake?" alisema kaka yetu. "Akitoka hivi, gari. Akirudi hivi, mtaro."

Kuhusu mtaro alisema kweli, maana nilikuwa nimeshaingia mmoja. Nikawaambia wanipe muda hadi Desemba. Nikiweza kutoka na kurudi bila kushikwa mkono, nabaki Riruta. Nikishindwa, wanifungie mizigo. Walikubali upesi, jinsi watu wanavyomkubalia mgonjwa ili alale. Dada alikusanya vikombe.

Nilianza na ofisi, kwa kuwa niliamini serikali haikosi mtu wa kila shida. Jirani alinishika mkono tukaenda mjini, tukapanda ngazi, tukakaa kwenye mabenchi, tukatumwa hospitali nikapimwe, tukarudishwa mjini. Siwezi kusema nilidharauliwa. Kila niliyemfikia alikuwa mpole, na kila mmoja alinielekeza kwa kidole.

"Ingia hapo, pita ile kona, utaona mlango wa bluu."

Nilimwuliza mmoja wao bluu inanuka vipi. Alicheka, kisha akasema, "Pole, mum." Neno hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu. Mwishowe nilipata kadi ya ulemavu, na ninaishukuru, ina kazi yake. Ila kadi haimfundishi mtu kuvuka Barabara ya Naivasha. Nilipouliza ni nani hufundisha kutembea na fimbo nyeupe, niliambiwa nitapigiwa simu. Simu yangu iko wazi mpaka leo.

Wakati huo akina mama wa kanisa letu nao walikuwa wakihangaika kwa ajili yangu, bila kuniambia. Walifanya harambee. Mwenzao alikuwa amepata ulemavu, na kwao mlemavu ni mtu wa kiti cha magurudumu, maana ndiye anayechorwa kwenye mabango. Basi wakaninunulia kiti cha magurudumu.

Nilijua Jumapili, nilipoitwa mbele. Mchungaji akaeleza upendo wa Mungu na wa akina mama, kisha mikono mingi ikanikalisha kwenye kitu baridi chenye miguu ya kukunja. Nikapapasa, nikaelewa. Miguu yangu haijawahi kuniuma hata siku moja. Lakini mtu aliyelelewa vizuri hakatai zawadi mbele ya kanisa zima, kwa hivyo nilisema asante, nikapigwa picha.

Kisha wimbo ukaanza. Kwetu wimbo ukianza watu husimama, na mimi nimekuwa nikisimama tangu utotoni. Nikasimama.

Nyuma kabisa kulikuwa na wageni, watu waliokuja kwa ajili ya ubatizo wa mtoto, wasionijua. Mama mmoja kati yao alipiga kigelegele ambacho nafikiri kilifika Kawangware. "Amesimama! Bwana asifiwe, amesimama!" Mpiga kinanda, ambaye hahitaji kushawishiwa, akapandisha sauti. Watu wakaanza kurukaruka. Niliyekuwa nimefanyiwa muujiza nilikuwa nimeshika mkono wa kiti, nikiomba nisicheke. Mchungaji alichukua muda mrefu kuwaeleza wageni kwamba dada huyu huwa anatembea tu.

Kiti hicho sikukaa nacho. Katika ploti ya pili kutoka kwetu, nyumba za kupanga kama zetu, kulikuwa na mzee aliyepigwa na kiharusi, ambaye binti yake alikuwa akimbeba mgongoni kumtoa juani na kumrudisha ndani. Nikampa. Kanisani ikasemwa kwamba asante ya punda ni mateke. Niliambiwa neno hilo na watatu, kila mmoja akidai amelisikia kwa mwingine.

Binti wa mzee alikuja kunishukuru. Alikuwa amezunguka na baba yake kila mahali panapozungukwa, na alijua mambo ambayo hayajabandikwa kwenye ukuta wowote: wapi watoto wenye miguu dhaifu hutengenezewa viatu vya chuma, daktari gani husikiliza. Nikamweleza ninachotafuta. Akasema kuna watu wasioona hukutana Jumamosi, katika chumba fulani nyuma ya maduka ya Adams Arcade, na akanipeleka mwenyewe.

Nilitarajia maombi na ushuhuda. Badala yake kila mtu alitaja jina lake na anakotoka, kuanzia mlangoni kuzunguka chumba, ili ijulikane nani ameketi wapi. Zamu yangu ilipofika, mwanamume mmoja mwenye sauti nzito akauliza, "Ni mara yako ya kwanza?" Nikasema ndiyo. "Basi chai ni yako." Nikashukuru, nikinyoosha mkono kupokea kikombe, nikawekewa birika.

Hiyo ndiyo desturi yao. Mgeni ndiye anayemimina. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walinipa jembe kabla sijajua choo kiko wapi. Kwa dada yangu nilikuwa siruhusiwi kuingia jikoni hata kuchukua maji, na sasa nilikuwa nimesimama na chai ya moto katika chumba kilichojaa magoti ya watu. Nilichoma watu wawili. Nilimwaga kwenye meza, kwenye kiatu, kwenye mkoba wa mtu.

Hakuna aliyesema pole. Mwanamke mmoja alisema tu, "Sikiza kikombe. Kikijaa sauti inapanda." Nikasikiza. Kweli inapanda. Nilipomaliza chumba nilikuwa nimelowa jasho, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu cherehani inyamaze.

Mwanamke huyo wa kikombe ndiye aliyenifundisha kutembea. Alizaliwa haoni, na alikuwa hana huruma kabisa. Alinipimia fimbo ifike kifuani, akanionyesha kuipeleka kushoto mguu wa kulia ukienda, na kulia ule wa kushoto ukienda, kisha akaja Riruta kwangu, tukaanza. Njia yangu ikawa na mambo ambayo nilikuwa nimeyapita miaka yote bila kuyajali: posho mili ikisaga unga, kinyozi na redio yake, fundi wa mageti, harufu ya mama wa samaki, halafu upepo wa barabara kubwa. Siku nyingine aliniacha mahali makusudi, akakaa kando. Kupotea njia ndiko kujua njia, alisema, na akanywa soda yake huku mimi nikigonga kuta za nyumba za watu.

Watu walinipa kazi kuliko magari. Vijana wa boda boda walikuwa wakinishika kwapa na kunivusha kwa nguvu barabara ambayo sikutaka kuivuka, wakaniacha huko na baraka. Ilinibidi nirudi. Baadaye nilijifunza kusema, kwa sauti ya mwalimu wa shule, "Asante, niko sawa," na kuondoa mkono wa mtu.

Desemba ilipokaribia nilikwenda Mutuini bila kumwambia mtu. Nilishuka matatu stejini, nikaingia barabara ya vumbi, majani marefu ya kulishia ng'ombe yakisugua mkono wangu wa kushoto kama nilivyoyakumbuka. Kwa lango la dada nilikosea mara moja. Mbwa wa jirani alinirekebisha. Nilipobisha, dada alifungua mwenyewe.

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja."

Nikamsikia akinipita, akatoka hadi barabarani, akasimama. Alikuwa akimtafuta aliyenileta. Aliporudi alikuwa amewaka.

"Wewe ni kichwa ngumu! Gari ingekugonga huko, mimi ningeambia watu nini? Eh? Ningesema nilikuwa wapi?"

"Ungesema ulikuwa dukani."

Hakucheka. Nikamweleza kila kitu, kikundi, mwalimu, fimbo, na kwamba natoka Riruta na narudi leo hii kwa njia ile ile. Nikamwambia Krismasi nitakwenda nyumbani kama watu wote, nile kuku, na Januari nitarudi nifungue kibanda, hata kama ni kwa kushona mifuko. Nilisema kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilikuwa na majibu tayari hata kwa maswali ya kaka.

Dada hakubishana.

"Kwa hivyo hauendi kukaa huko," alisema.

"Siendi."

"Kwa hivyo hata mimi si lazima niende?"

Alikuwa ameuliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto anayeomba ruhusa. Kesho yake, akaniambia, kuna mtu alikuwa anakuja kuchukua duka. Walishakubaliana bei, hata ya friji ya maziwa. Nikamwambia hapana, dada, si lazima. Akaketi chini kwenye ngazi ya mlango, yeye ambaye hakuwa amelia mbele yangu tangu macho yangu yaharibike, akalia kwa sauti kama mtu aliye msibani. Nikaweka fimbo chini, nikapapasa mpaka nikapata bega lake.