Wa Kumi na Moja Alikuwa Bibi Harusi

Nilisafiri kwenda Brussels kupeleka kanda moja ya video. Nasikia hapa Kigoma wengine walisema nimekwenda kutafuta maisha, na umri wangu huu. Wengine wakasema nimekwenda kutibiwa mgongo. Siwalaumu, maana sikumwambia mtu sababu. Mimi ni fundi baiskeli, shule yangu iliishia darasa la saba, na kumbukumbu zangu siziamini sana. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Kanda yenyewe ilikuwa na habari ya siku moja. Kule Marekani, kila mwaka, timu za kulipwa za mpira wa kikapu hukusanyika ukumbini na kuchagua vijana wapya kwa zamu: wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Mwaka ule walichaguliwa vijana ambao baadaye walitikisa dunia, na mpaka leo watu wazima wenye vitambi wakikutana utawasikia, "Darasa kama lile halitatokea tena." Majina yao siyaandiki. Wanaowajua wanawajua, na sisi tulizoea kuwaita kwa namba.

Mwenye kanda alikuwa Floribert, Mkongomani wa Uvira aliyevuka ziwa wakati wa vita. Alifundisha timu yetu ya mtaa, kisha akafungua kibanda umiza chenye jenereta, televisheni moja na deki moja. Kanda alitumiwa na kaka yake aliyekuwa ng'ambo, na hawakuonana tena mpaka huyo kaka alipofariki. Deki iliendeshwa na Ramadhani, tuliyemwita Rama. Mimi nilikaa mlangoni kukata tiketi nikishafunga baiskeli zangu.

Kila Jumapili tuliitazama mpaka tukaikariri. Kila mtu alikuwa na kijana wake. Wa Floribert alikuwa wa kwanza, wangu wa tano. Rama alimshika wa kumi na nne, akachekwa: "Wewe unaokota makombo!" Naye alijibu, "Makombo mtayalilia."

Sasa niseme kosa. Wiki moja Rama aliugua malaria, akaniachia ufunguo wa sanduku la kanda. Akaja mpiga picha wa harusi, ana kazi Ujiji, kanda tupu hakuna mjini. Akanibembeleza: hii yenu huko mwisho imebaki nafasi, nitarekodi huko huko. Nami kukataa sikujua. Kanda ile ilikuwa imevunjwa kile kimeno cha plastiki cha mgongoni, ili deki isikubali kurekodi juu yake. Nikaziba tundu kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli. Kama niliisogeza vibaya mimi au yeye, kwa haki sijui, naye sasa ni marehemu, hawezi kujitetea. Aliirudisha, akahamia Mpanda wiki ile ile.

Jumapili iliyofuata kibanda kilijaa. Wa kumi akavaa kofia ya timu yake, akapeana mikono, na hapo hapo akatokea bibi harusi wa Ujiji akilishwa keki. Harusi ikaenda, ikaenda, mpaka tukarudi Marekani kwenye wa ishirini na tano. Watu walicheka hadi wakaanguka. Mmoja akapiga kelele, "Wa kumi na moja ni bibi harusi!" na utani huo ukabaki mtaani.

Floribert hakucheka. Akamuuliza Rama, Rama akasema alikuwa kitandani na ufunguo alikuwa nao Issa, yaani mimi. Floribert akanigeukia mbele ya watu: "Fundi, alikuachia ufunguo?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Rama alifukuzwa. Floribert alipopata njia ya kwenda Ubelgiji aliniachia kanda, akisema, kwa Kiswahili cha kwao, mimi njo muntu mwaminifu. Rama naye baadaye alikwenda huko huko kuendesha gari la ubalozi, akaoa, akabaki. Mwaka huu Floribert anatimiza miaka sitini. Binti yake, Nadège, alinitumia barua ya mwaliko na tiketi. Baba anataka kuliona Darasa mara nyingine kabla hajazeeka kabisa, kwa hiyo tonton Issa, yaani mjomba, aje na kanda.

Dar es Salaam, uwanja wa ndege. Askari wa ukaguzi, binti mdogo, aliitoa kanda kwenye begi akaigeuza mara tatu.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Kanda ya video, mwanangu."

"Ina nini ndani?"

"Mpira wa kikapu. Na harusi kidogo."

Akamwita mwenzake aje aone. Walinipitisha wakicheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali magumu zaidi.

Brussels nilifika asubuhi ya Jumanne, mvua ile ambayo hainyeshi wala haiachi. Floribert anakaa Anderlecht, ghorofa ya tisa, jengo lenye lifti mbili ambazo moja yake wamekubaliana kuisahau. Alinipokea mlangoni kwa kelele.

"Fundi! Muntu wangu! Umekuya na mafupa tu, nyama umeacha wapi?"

"Nyama ninaiona kwako."

"Bon, ingia, ingia. Nadège, leta chai ya tonton. Kanda iko wapi?"

Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati karibu na picha ya kaka yake. Nikamuuliza habari za Rama.

"Iko hapa. Analindaka bureau moja pale Schuman. Nimemuona mu métro mara mbili."

"Mkasalimiana?"

"Nilishuka. Nikangoja ingine."

Jumatano tulikwenda Auderghem, mimi na Nadège, kuazima deki. Anderlecht nzima hakuna mwenye deki inayofanya kazi, lakini kulikuwa na padri mstaafu, Mbelgiji, aliyekaa Kivu miaka mingi. Treni ya chini ya ardhi, hiyo métro, namba tano, ilituchukua bila kubadilisha, kutoka upande wao mpaka upande wa pili wa mji ambako nyumba zina bustani na msitu unaonekana mwisho wa barabara. Padri alitukaribisha kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Alitaka kuijaribu deki kwanza. Alipoishika kanda, akavaa miwani, akapapasa mgongo wake.

"Nani aliweka kiraka hiki? Kazi nzuri. Huyu bila shaka ni fundi wa baiskeli."

Nikasema ndiyo, inawezekana. Nadège alinitazama. Tuliporudi, deki ikiwa mapajani mwake ndani ya mfuko, ndipo aliponiuliza.

"Tonton, ni weye?"

"Ni mimi."

"Papa anajua?"

"Hajui."

Vituo viwili vikapita. "Alors," akasema, "utamuambia weye, ao nitamuambia mie? Ju samedi tutaangalia, na mie siwezi kukaa pale na kujua."

Nilimwomba anipe nafasi, nikamwahidi Jumamosi. Lakini nilipofikiri usiku niliona si haki Floribert asikie kwanza. Aliyeumizwa zaidi ni mwingine.

Alhamisi, saa sita mchana, nilishuka Schuman peke yangu na karatasi ya Nadège yenye jina la barabara anakofanya kazi Rama. Majengo ya vioo, watu wenye vitambulisho shingoni wakila mikate huku wanatembea. Rama nilimkuta mlangoni pa jengo lake, sare nyeusi, mvi kidogo, amesimama wima kama alivyosimama kando ya deki.

"Fundi Issa! Umekuja kuziba pancha za wazungu?"

Alipopata mapumziko tulikaa kwenye benchi. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikasema tu, "Rama, ufunguo uliniachia mimi. Kanda nilimpa mpiga picha mimi."

Aliangalia viatu vyangu. "Sema tena."

Nikasema tena, na kiraka, na lile neno "sikumbuki".

"Unajua kwamba nimeshaomba msamaha kwa kosa hilo?" alisema. Sauti hakuipandisha. "Nilimwandikia Floribert barua mbili. Nikasema nilikuwa na homa, labda niliinuka kitandani nikafanya bila kujitambua. Maana watu wote wakisema ni wewe, mwisho unajiuliza. Mimi kile kitufe chekundu cha kurekodi nakiona, Issa. Nakiona kidole changu juu yake. Leo unaniambia sikukigusa?"

"Hukukigusa."

"Una hakika? Wewe, ambaye hukumbuki kitu?"

"Hili nalikumbuka."

Kisha akasema kitu ambacho nilipaswa kukifikiri miaka yote: "Halafu mtu ajifutie wa kumi na nne wake mwenyewe? Hata mmoja wenu hakujiuliza?"

Nikamwambia Jumamosi tunaitazama kwa Floribert, aje. Akainuka, akavaa kofia.

"Break yangu imeisha. Kwa mtu siendi kwa mwaliko wa mgeni. Akiniita mwenye nyumba, nitafikiria." Akaniandikia namba ya simu nyuma ya ile karatasi. Mkono hakunipa. Sina haki ya kulalamika.

Jumamosi, saa saba mchana. Floribert alikuwa na marafiki watatu, Wakongomani wa umri wetu, na Nadège alikaa karibu na mlango wa jikoni akinitazama. Nilikusudia kusema kabla kanda haijaanza. Haikuwezekana, walikuwa na furaha mno. Wakakariri kila kitu, rangi ya suti, mama gani alilia. Nikajiambia, akipita wa tatu. Wa tatu akapita. Nikasema akipita wangu, wa tano. Wa sita, wa saba. Wa kumi aliposimama kuvaa kofia niliona nimeishiwa namba. Nikaenda nikabonyeza, picha ikasimama.

"Eh, Fundi, nini tena? Bibi harusi njo anakuya!"

"Huyo bibi harusi nilimleta mimi," nikasema. Nikaeleza yote, nimesimama katikati ya televisheni na watu.

Floribert alisema, "We njo ulisema haukumbuke."

"Nilikuwa nakumbuka."

Rafiki mmoja akasema, "Eh, Mungu!" na mwingine akamnyamazisha. Floribert aliitoa kanda, akakikwangua kile kiraka kwa kucha. Hakikutoka, gundi ya solusheni ya zamani ilikuwa imara.

"Miaka yote," akasema. "Kiraka ya baiskeli. Na mie namuangalia fundi wa baiskeli mu macho." Akaenda dirishani, akakaa huko muda mrefu. Bila kugeuka akasema, "Barua zake mbili ziko mu tiroir ya kabati. Sikuzifunguaka."

Nikampa ile karatasi yenye namba. Alipiga mwenyewe, simu imewekwa sauti ya nje kwa sababu hajui kuizima.

"Allô. Ni Floribert. Bon. Kanda imesimama ku wa kumi. Wa kumi na moja sijue ni nani. Miye najua bibi harusi tu. We unamukumbuka?"

Sauti ya Rama: "Natoka kazini saa tisa."

"Ligne cinq, namba tano," Floribert akasema. "Hakuna kubadilisha."

Alifika na sare yake. Hawakukumbatiana, kama kuna mtu anangoja hilo. Floribert alivuta kiti kilichokuwa karibu kabisa na televisheni, akakipangusa kwa mkono, akasema, "Kaa." Rama akakaa. Akarudisha kanda ndani ya deki yeye mwenyewe, kwa vidole viwili, vile vile vya zamani.

Bibi harusi wa Ujiji akatokea, mdomo wazi, keki inakuja. Nadège akainua simu yake. "Papa, iko yote ku internet, naweza—"

"Acha iyo simu."

Rama akaanza. Wa kumi na moja, jina lake, timu yake, alivyotembea kwenda jukwaani. Wa kumi na mbili. Huku kwenye picha masheikh wanaomba dua, yeye anasema wa kumi na tatu alikuwa amenyoa vibaya. Alipofika wa kumi na nne aliinuka, akavua kofia yake ya ulinzi, akaivaa tena polepole, akaishusha kidogo mbele, jinsi kijana wake alivyofanya. Floribert akapiga makofi. Wote tukapiga. Kwenye wa kumi na saba alikwama.

"Huyu ananikwepa," akasema. "Pita."

Alimaliza mpaka wa ishirini na nne kabla harusi haijaisha, kwa hiyo tulikaa sote tukaangalia zawadi za Ujiji, masufuria na mikeka, mpaka wa ishirini na tano akatokea.

Jumatatu Floribert alinisindikiza uwanja wa ndege. Tangu Jumamosi tulikuwa tumezungumza habari za chakula tu.

"Miye ningali na kasirani," akasema kwenye mstari. "Nitakasirika wiki mbili, tatu. Kisha nitakuita ku simu. Usinitangulie."

Nikakubali. Kanda niliiacha kwake.

Nimerudi, kazi inaendelea. Nilichojifunza sitakipamba. Mimi hujiita mtu wa haki, mtu asiyesema asilo na hakika nalo, na hiyo tabia mara nyingi ni nzuri. Lakini siku moja nilijificha ndani yake, na mwenzangu akaishi na kidole kisicho chake juu ya kitufe. Kama amenisamehe sijui. Sikumuuliza, kwa sababu angelazimika kujibu.

Jana nilikuwa nabandika kiraka, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Rama, nyuma yake mlio wa milango ya treni inafungwa.

"Issa. Wa kumi na saba nimemkumbuka." Akalitaja jina. "Usimwambie Floribert. Nakwenda kumwambia mwenyewe."